Siku Maman Feza Alipoambiwa Anyamaze

Miaka ile vita vya Kongo vilipokuwa ng'ambo ya mto, mgeni aliyefika Kamembe, upande wa Rwanda, akauliza nyumba ya Maman Feza hakuonyeshwa kwa kidole. Aliambiwa asimame, atulie, asikilize. Sauti ingemfikia yenyewe kutoka nyuma ya msikiti, ikipita juu ya mabati: sauti ya mwanamke anayekaanga sambusa huku akizungumza na mafuta, na kuku, na jirani, na marehemu mumewe, kila mmoja kwa zamu yake. Afuate hiyo tu, hatapotea.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Zulaikha. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Kamembe kuwa mke wa Habineza, dereva wa lori, mwanamume mpole ambaye katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kufika mwisho wa sentensi. Habineza hakulalamika. Alipenda kusikiliza, na alikuwa ameoa penye mali hiyo kwa wingi. Mwaka 1996 alivuka daraja la Rusizi ya Kwanza na shehena ya sabuni, akamwambia mkewe kwamba jioni watakula pamoja. Vita vikafunga njia nyuma yake, na hakuna aliyekuja kusema alimwona wapi. Zulaikha alimlilia kwa sauti karibu mwaka mzima. Kisha akaanza tena kuongea naye jikoni kama zamani, ila sasa alimwachia nafasi za kujibu, jambo ambalo mwenyewe alipokuwepo hakulifanya.

Watoto wakubwa walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali. Aliyebaki nyumbani ni Feza, kitinda mimba, sasa binti mzima wa miaka ishirini na kidogo. Mungu naye ana utani wake, maana mtoto wa mwanamke huyo, kati ya wanawake wote wa mkoa wa Cyangugu, hakuwahi kutamka hata neno moja.

Feza alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na alipoanza kutembea alikwenda miguu imekakamaa na mikono juu, kama mtu anayevuka kijito na hataki nguo ilowe. Utotoni degedege lilimtesa, baadaye likapungua. Alipenda maji kupita kiasi. Beseni, ndoo, dimbwi la barabarani, hakupita bila kutia mkono. Na alicheka, alicheka sana, hata pale ambapo wengine hawakuona cha kuchekesha. Kabla ya vita daktari mmoja wa kigeni aliyekuwa akipita hospitalini alimtazama siku kadhaa, akasema huu ni ugonjwa wa nadra, wa kuzaliwa nao, uko katika ubongo na una jina refu la Kifaransa. Akaongeza kwamba mtoto kama huyu huelewa mengi kuliko anavyoweza kutoa. Jina la ugonjwa Zulaikha alilisahau kabla hajafika barabarani. Hilo la pili alilishika vizuri sana, pengine kupita kiasi.

Ni kweli kwamba Feza alikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa ya vitu. Akiwa na kiu alileta kikombe. Akitaka kuoga alikuburuzia beseni mpaka miguuni. Akimkumbuka baba yake alikwenda kuchukua kofia yake msumarini, akampa mama aishike, wakakaa. Kitu kisichokuwa mahali pake kilimkosesha raha, hivyo mifuniko ya masufuria iliyoazimwa mtaani ilirudi kwa wenyewe bila wao kuuliza, na wageni waliovua viatu mlangoni walijua kwamba Feza hawezi kukosea kiatu cha nani ni kipi.

Shida ilikuwa mkalimani. Feza akimtazama mbuzi wa jirani, Zulaikha alieleza mambo ambayo mbuzi mwenyewe hakuwa na habari nayo. Mtu akija kuazima jiko la makaa, Feza aligeuza tu shingo, na mama alikuwa tayari.

"Feza anasema mbabula haitoke leo," alitangaza. "Anasema mara ya mwisho ilirudi na mukono moja."

Watu waliazima kwingine. Lakini hawakuwa wajinga, na polepole mtaa uligundua kwamba maneno ya Feza yalifanana mno na matakwa ya mama yake.

Aliyethubutu kumwambia hivyo usoni alikuwa Védastine, rafiki yake, Mkristo aliyekulia Bukavu kama yeye na kurudi Rwanda baada ya yale ya 1994. Alikuwa na saluni ndogo ya wanawake njia ya Gihundwe, yenye pazia mlangoni na mapipa mawili ya maji. Kila walipomtembelea, Feza alijitosa kwenye beseni la kuoshea nywele mpaka viwikoni.

"Maman Feza, unipatie huyu mutoto anisaidie kuosha bantu nywele," Védastine alisema siku moja. "Mikono yake ni laini, na maji anaipenda kuliko samaki."

Feza, mkono mmoja majini, akaanza kujipiga paja kwa mkono wa pili, pa pa pa, macho yamemtoka.

"Umeona?" Zulaikha akasema. "Anasema hapana. Anaogopa bantu bengi. Unaona vile anajipiga juu ya woga."

"Miye naona sawa vile anafurahi."

"Wewe umemuzaa?"

Védastine akaendelea kusuka nywele. Feza alitolewa kwenye maji kwa nguvu, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakucheka.

Basi, karibu na soko palikuwa na fundi wa redio, Sibomana. Miaka ile kila mtu alitaka redio yake iseme vizuri, maana nani hakuwa na ndugu ng'ambo? Kutwa nzima dukani mwake redio zilipishana kusoma habari za vita, hii Kifaransa, hii Kiswahili, hii Kinyarwanda, na yeye katikati na bisibisi yake. Jioni alirudi nyumbani akakuta maneno ya mke. Wa kwanza alikuwa msemaji, akaondoka. Wa pili alimshinda wa kwanza, naye aliondoka akiwa bado anaongea. Sibomana alikaa peke yake, akapima maisha yake, akaamua kwamba anachokosa duniani ni mke asiyesema. Ndipo akamkumbuka binti wa marehemu Habineza.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka masikio.

Alifuata njia inayostahili. Alikwenda kwa Mzee Sultani, mshona magodoro, kaka mkubwa wa Habineza, ambaye ndiye walii wa Feza, mwenye kumwoza kwa kuwa baba hayupo. Na Sultani akaja kwa shemeji yake akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa, siku ambayo haikuwa Ijumaa.

"Maman Feza, nimeletewa posa ya mutoto wetu."

"Mutoto gani?"

"Feza."

Zulaikha akaweka chini kijiko cha kutolea sambusa. "Nani huyo?"

"Sibomana wa baredio. Anatafuta bibi mwenye kutulia. Anasema huyu hana maneno."

"Hana maneno? Papa Sultani, akae hapa siku moja tu. Asubuhi atasikia kelele ya kikombe, saa ine kelele ya beseni, na akikataliwa beseni ndipo atajua kama hana maneno."

"Tutamuuliza mbele ya bantu," Sultani akasema kwa utulivu. "Desturi unaijua. Binti akiulizwa, akinyamaza, amekubali."

"Kama kunyamaza njo kukubali, basi Feza ameisha kuolewa na Kamembe muzima."

Sultani hakucheka. Alikalia kigoda, akamtazama Feza aliyekuwa akichezea maji ya kuoshea vyombo. "Mimi na wewe tunazeeka," akasema. "Habineza hayupo. Siku tutakufa, huyu atabaki na nani? Nani atamupa chakula? Nilale vipi na hiyo maneno mu roho?"

Zulaikha aligeukia karai lake. Sambusa ziliungua, na hakuzitukana.

Siku chache baadaye Sibomana alikuja kumwona mchumba. Alivua viatu, akaketi, akasalimia kwa maneno machache kama mtu anayebana matumizi. Feza alimtazama, akamtazama baba yake mkubwa, akaona watu wazima wote wamemkazia macho, akacheka.

Hapa inabidi msomaji aelezwe. Feza alikuwa na kicheko cha tumboni, kilichomtikisa mabega, na hicho kilikuwa furaha. Alikuwa pia na kingine chembamba, cha puani, kilichokuja akiona sindano, mbwa, au askari aliyekasirika. Hicho kilikuwa woga. Siku hiyo kilikuwa cha puani. Aliyejua tofauti ni mama peke yake.

"Amecheka," Sultani akasema, na uso wake ukafunguka. "Wengine wananyamaza tu, huyu amepitisha."

"Ile ni woga."

"Maman Feza, kila siku wewe njo unasema ya Feza. Yenye inakupendeza, anasema ndiyo. Yenye inakuchukiza, anakatala. Leo tuamini nani?"

Zulaikha akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba maneno yake hayana mnunuzi. Alikuwa ameyauza kwa wingi mno miaka yote, kwenye majiko na mbuzi na mambo madogo madogo, na sasa alipokuwa na moja la kweli hakuna aliyelitaka. Alilia kwa hasira. Sibomana akatafuta viatu vyake akaondoka, kwa kuwa kilio nacho ni kelele.

Sultani na shemeji yake wakalipeleka jambo kwa shehe wa mtaa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Aliwasikiliza wote wawili, Zulaikha kwa muda mrefu zaidi, kisha akavua miwani.

"Kunyamaza ni idhini ya mwari anayeweza kusema ila haya imemshika," akasema. "Asiyekuwa na maneno hajanyamaza. Huyo ataulizwa kwa lugha yake. Ana lugha?"

"Anayo," Zulaikha akasema.

"Mama yake njo anayo," Sultani akasema.

Shehe akatabasamu. "Basi Alhamisi, baada ya alasiri, nitakuja nimuulize mwenyewe. Na wewe, Maman Feza, utakuwepo, lakini utanyamaza. Usiseme, usikohoe, usikonyeze. Ukifanya lolote, jibu lake nitalihesabu ni lako."

Habari ilifika sokoni kabla yao. Mambo ya posa yangeweza kusubiri. Kilichowavuta watu ni kwamba Maman Feza atanyamaza. Wabeba mizigo wa darajani, waliokula sambusa zake kila alfajiri, waliliongea hilo kuliko habari za ng'ambo.

Yeye mwenyewe alijizoeza. Siku mbili alikaanga bila kusema, na zote ziliungua, kwa sababu alizoea kuzipima kwa urefu wa hadithi. Usimdhanie alikuwa na ujasiri. Aliogopa vibaya sana. Aliogopa Feza atacheka kile kicheko chembamba, na watu watapiga vigelegele, na mtoto atapelekwa nyumbani kwa mtu anayependa kimya, ambaye ataletewa kikombe na beseni na kofia ya Habineza asijue hata kimoja kinasema nini. Angeeleza nani? Kwa nani?

Na chini ya woga huo palikuwa na mwingine wa siku nyingi, ambao hakuusema hata kwa Habineza jikoni. Tangu mumewe apite mlango ule akisema atarudi jioni, Zulaikha hakuweza kumwona mtu wake akitoka bila kushika mwimo wa mlango na kuhesabu saa. Feza hakuwa anaogopa watu. Anayeogopa alikuwa mama.

Alhamisi ilifika. Chumba kilijaa, uani palijaa, na mlangoni viatu vilipandiana. Védastine alikuja kusaidia chai, akaacha viatu vyake vyekundu vya visigino pamoja na ndala na makubazi ya wengine, akakaa upande wa wanawake karibu na Zulaikha, ambaye alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake kwa meno. Mzee Sultani aliketi kwa heshima zote. Sibomana alikuwa amekata nywele na amebeba kitu ndani ya kitambaa.

Kilikuwa redio ndogo. Aliiunda mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa, akaipaka rangi ya kijani. "Zawadi yake," akasema, kisha, kama anayeona aibu, "ili asikae peke yake nikiwa dukani."

Zulaikha alikuwa na maoni kuhusu mtu anayetafuta kimya na kuja na redio. Aliyameza.

Shehe akaona redio hiyo itamfaa kuulizia swali. Akaiweka redio juu ya mkeka, akamwita Feza akae mbele yake, akasema naye polepole, bila kupaza sauti kama watu walivyozoea kumfanyia, maana masikio yake yalikuwa mazima.

"Feza, mwanangu. Huyu ni Sibomana. Anataka uende ukakae kwake, uwe mke wake. Hapa hutalala tena. Hii redio ni yake, anakupa. Ukimtaka, ichukue. Usipomtaka, mrudishie. Umenielewa?"

Watu wakaafiki kwamba swali ni la haki. Feza, mrudisha vitu wa mtaa mzima, angeshindwa kulijibu? Na katika kundi lote lile la watu wenye akili timamu, wenye kuoa na kuuza na kufasiri vitabu, hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuipenda redio na asimpende mwenye redio.

Sibomana akazungusha kitufe. Rumba ikatoka.

Feza akaruka. Akaikumbatia redio kwa mikono miwili, akaibana shavuni, mabega yakaanza kumtikisika. Kilikuwa kicheko cha tumboni, hakuna ubishi, hata mama yake angekula kiapo.

"Alhamdulillahi," Sultani akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa.

Wanawake wawili uani walianza vigelegele. Zulaikha alikuwa ameng'ata kitenge mpaka kimetoboka. Kila neno alilowahi kulijua katika lugha zake tatu lilikuwa limepanga foleni nyuma ya meno yake. Anapenda redio, siyo muntu. Anapenda redio, siyo muntu. Védastine alimshika goti akalikandamiza. Shehe aliinua mkono, vigelegele vikakatika, akangoja. Wazee wa namna hiyo wakati mwingine huonekana wanasinzia, kumbe wanasubiri.

Feza akasimama, redio kwapani. Akaenda kwa mwendo wake ule wa kuvuka kijito, mkono mmoja juu, mpaka mlangoni. Akainama kwenye lundo la viatu, akachagua kimoja, akachagua cha pili, akarudi. Vilikuwa vya Sibomana, vyeusi, vyenye soli iliyowekewa mpira wa tairi. Akaviweka mbele ya miguu ya mwenyewe, vizuri, sambamba, ncha zikiangalia mlango. Kisha akakaa tena mahali pake na redio yake, akaongeza sauti.

Kicheko kikaanzia uani kikaingia ndani. Sibomana alitazama viatu vyake. Masikio ya mtu huyo yalikuwa yamechoka, lakini bado yalikuwa yanasikia.

"Mimi nimeelewa," akasema, na yeye pia akacheka kidogo.

Sultani alikuwa ameshasimama. "Amefundishwa," akasema. "Shehe, hii ni kazi ya mama yake. Viatu kila mutu anaona Feza anabeba viatu. Amemufundisha wiki muzima."

Watu wakageuka kumtazama Zulaikha, na wengine waliitikia kwa kichwa kwa kuwa jambo hilo liliwezekana kabisa, ukimjua. Yeye alikuwa na haki ya kusema sivyo, na hakuwa na ruhusa. Alimtazama shehe tu.

Shehe akamrudia Feza. "Huyu umempa viatu vyake, tumeona. Na wewe? Wewe unataka kwenda wapi?"

Feza akamtazama mama yake. Akamtazama kwa muda. Mama hakukonyeza, hakukohoa. Kisha Feza akaiweka redio chini, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akaenda tena mlangoni. Akaleta viatu vyekundu vya visigino, akaviweka mbele ya Védastine. Akarudi akaleta ndala zake mwenyewe, za bluu, akahangaika kuzivaa, ya kulia mguu wa kushoto. Akamshika Védastine kwenye kifundo cha mkono na kumvuta. Kwa mkono wa pili akawa anajipiga paja, pa pa pa, macho yamemtoka.

Zulaikha alielewa mara moja. Alikuwa ameelewa hata siku ile ya kwanza saluni, ukweli ni huo, na alilifunika kwa maneno.

"Mzee Sultani," shehe akasema, "na hili amefundishwa?"

"Sijuwe. Muulize mama yake."

Shehe akavua miwani. "Maman Feza, nakupa ruhusa ujibu hilo moja. Hili ulimfundisha wewe?"

Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi. Angesema ni mchezo tu, mtoto anacheza na viatu, watu wangecheka na Feza angevua ndala zake akarudi jikoni. Lakini kama hivi viatu ni mchezo, vile vya Sibomana navyo ni mchezo, na kinachobaki ni kicheko cha redio. Angesema ni neno la Feza, basi ni neno la Feza lote, na kesho asubuhi mtoto angetoka kwa mlango ule ule aliotoka baba yake. Mwanamke huyu aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, hata kwa kuku, alikaa akitafuta la kusema.

"Hapana," akasema. "Hii sikumufundisha. Hii njo nilikuwa namukatalia." Akapangusa uso kwa kitenge kilichotoboka. "Ni yeye anasema."

"Basi anasema," shehe akamwambia Sultani. "Na kama anasema hili, na lile pia amesema."

Chai ilinywewa. Sibomana alivaa viatu alivyopewa, akaomba redio ibaki, kwa kuwa alijaribu kuichukua na hakuweza. Feza hakuona kama ni kitu cha kurudishwa. Mwaka uliofuata fundi huyo alimwoa mjane mmoja msemaji asiye na breki, na watu walisema Sibomana ananenepa. Mzee Sultani alikaa muda mrefu baada ya wengine kuondoka, akazungusha kikombe chake.

"Nilikuwa natafuta mahali ya kumuweka," akasema.

"Najua, Papa Sultani," Zulaikha akamjibu. Hakuongeza neno, na mzee alishangaa hilo kuliko yote ya siku hiyo.

Kesho yake asubuhi Védastine alikuja kumchukua. Zulaikha alimfunga Feza kilemba, akamfungua, akamfunga upya, akasimama mlangoni akishika mwimo mpaka viatu vyekundu na ndala za bluu vikapinda kona ya njia ya Gihundwe. Akaanza kuhesabu saa, kama alivyojua ataanza. Alirudi jikoni, akamwambia Habineza kila kitu, akamwachia nafasi ya kujibu. Jioni Feza akarudi, nguo zimelowa mpaka kifuani, akala sahani mbili.

Ndivyo ikawa kila siku, na kila siku mama alisimama mlangoni. Wateja walizoea. Walisema mikono ya Feza haina haraka, na kwamba ukikaa chini yake na huzuni yako, inashuka pamoja na povu. Wengine walikuja kutoka Mibirizi kwa ajili yake. Zulaikha aliyasikia hayo sokoni, kutoka kwa watu wengine, naye hakuzoea kusikia habari za Feza kutoka kwa watu wengine.

Karibu mwezi ukapita kabla hajapata moyo wa kwenda kuona mwenyewe. Aliingia nyuma ya pazia, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti mgongo ukielekea beseni, kama mteja yeyote. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu saluni, na alianza nayo.

Feza akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akachukua kitana, akagonga ukingo wa beseni mara mbili, akamgusa mama yake shingoni, akangoja.

Zulaikha hakuijua ishara hiyo. Haikuwa ya nyumbani. Akatafuta maana yake upesi, kama alivyozoea, akapata tatu au nne zote nzuri, na zote zilikuwa zake mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti cha pili, mtu baki kabisa, alikuwa anatabasamu kama anayeelewa. Feza akagonga tena.

"Védastine," Zulaikha akaita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Anasema nini?"

"Anasema uinamishe kichwa nyuma," Védastine akajibu, bila kuacha kusuka. "Maji isikuingie mu macho."

Akainamisha kichwa nyuma.